Maombi ya Ndani ya Lori

Ukitaka kumwona Cicily wa Githongo akikasirika, mtajie pikapu ya stima, ile ya kuchajiwa kwa umeme. Mwanamke huyu mpole, aliyeweza kumvumilia mteja abonyeze kabichi zote sokoni kisha anunue kitunguu kimoja, hapo alikunja uso, akaweka mikono kiunoni na kuanza. Ati pikapu ya stima itapanda mlima gani? Na mvua ya Aprili ikiipiga? Na hiyo stima yenyewe, hii yetu ya kukatika upepo ukivuma kidogo, ndiyo ya kutegemewa na mtu aliyebeba ndizi za watu? Mumewe Mutuma alimsikiliza hadi mwisho, akasema "tutaona," akaenda kukama ng'ombe.

Tusidanganyane, haki ilikuwa upande wa Mutuma. Lori lao la dizeli lilikuwa limezeeka vibaya. Asubuhi lilikohoa na kutoa moshi mweusi hadi jirani akimbie kuanua nguo zake, na pampu ya dizeli ilikuwa imefunguliwa na mafundi wengi mpaka hakuna aliyetaka kuiona tena. Dizeli nayo ilikuwa inapanda bei tu. Na kazi ya wawili hao tangu ujana wao ilikuwa ya barabarani: kununua ndizi, kabichi na viazi huku juu kwenye baridi, kuteremka navyo hadi soko la Siakago kwenye nchi kame, kisha kurudi na ndengu na kunde. Binti yao Kinya, anayefanya kazi Meru mjini, ndiye aliyeziona hizo pikapu, akaongea na wauzaji, nao wakakubali kuwaachia wazee moja kwa siku mbili waijaribu. Kila mtu alifurahi isipokuwa mama mtu.

Sababu yake ya kweli Cicily hakumwambia yeyote. Angeanzia wapi? Ndani ya lori lile injini ilinguruma hata mtu asiweze kusikia sauti yake mwenyewe, na humo ndimo alimokuwa akiombea. Si maombi ya kupanga maneno kama ya kanisani. Alizungumza na Mungu vile mtu anavyozungumza na dada yake wakichambua maharagwe, macho dirishani, mdomo haupumziki, kuanzia Nkubu hadi wavuke mto Thuci. Nyumbani ukimwambia Mutuma jambo, jibu lilikuwa lile lile, tutaona, na Cicily hakuwa mtu wa kurudia neno. Lakini garini, mume akiwa hapo ubavuni na hasikii kitu, alimwaga yote.

Na yalijibiwa, usicheze. Aliwahi kulalamika kwamba paa la jikoni linamvujia kwenye sufuria, na kabla ya Jumapili kufika Mutuma akarudi na mabati mapya bila kuambiwa na mtu. Aliwahi kulia juu ya mama mkwe wake, aliyeonja kila chakula na kuuliza kama chumvi imeisha madukani. Haukupita muda, Mutuma akampeleka mama yake akakae kwa ndugu yake Kaburu, ati abadilishe hewa. Miguu ilipomvimba kwa kusimama sokoni, vikaja viatu vya raba, tena saizi yake kabisa. Kila mara Cicily alisimama kanisani kutoa ushuhuda, Bwana asifiwe, Mungu ameugusa tena moyo wa mzee wangu. Upande wa wanaume, Mutuma aliinama akaitazama kofia yake.

Ombi moja tu ndilo lililokuwa limekataa. Mtoto wao wa kwanza, Mwirigi, alikuwa akiendesha lori pamoja na baba yake mpaka alipompenda Karimi, binti wa muuza mbuzi wa Siakago. Mutuma alimtakia mwanawe mke wa kutoka huku huku milimani, mtu anayejua kahawa na ng'ombe. Wakabishana, na hasira zilipompanda baba akamwambia mwanawe aende akakae huko kwa jua na asiwahi kukanyaga tena Githongo. Mwirigi ni mtoto wa babake, kichwa ngumu vile vile. Alienda. Sasa anaishi Kiritiri na Karimi wake, ana kibanda cha kutengeneza pikipiki, na wana mtoto wa kiume waliyempa jina la babu yake, Mutuma, kama desturi inavyotaka. Cicily aliyajua hayo kwa simu za kujificha nyuma ya zizi. Alikuwa hajambeba huyo mtoto hata siku moja. Na kila safari, ndani ya kelele za lori, alimwomba Mungu amtoe Mutuma alipo amfikishe Kiritiri.

Sasa mwambie mwanamke kama huyo abadilishe gari. Lori likienda, ombi hilo angelipeleka wapi?

Siku ya soko waliijaza pikapu kabichi wakaondoka. Cicily hakujua kama gari limewaka mpaka alipoona migomba inaanza kurudi nyuma. Kimya kilikuwa cha kutisha. Alijisikia akimeza mate. Alimsikia Mutuma akikuna kidevu. Alifungua mdomo walipopita Nkubu, kwa mazoea tu, kisha akaufunga haraka, akashika mkoba wake kwa mikono miwili na kukaza macho kwenye mashamba. Mlima waliupanda vizuri na hilo nalo likamuudhi. Hivyo hivyo, bubu na bubu, wakateremka hadi Mitunguu, joto likaanza kuingia dirishani.

"Leo husemi?" Mutuma akauliza.

"Niseme nini?"

"Yale ya kila siku."

Cicily alimgeukia, naye Mutuma alikuwa ametazama barabara kwa bidii nyingi kuliko barabara yenyewe ilivyohitaji. Akamuuliza ni ya kila siku gani anayosema, maana yeye hajawahi kusema kitu. Mutuma akamweleza polepole kwamba dereva akishazoea injini yake, haisikii tena. Kinachobaki kumfikia masikioni ni kile ambacho si injini: nati iliyolegea, gurudumu linalolia, na mke wake.

"Na hukuniambia!"

"Ningekuambia ninasikia, ungenyamaza."

Jamani. Cicily alihisi uso ukimchoma hadi masikioni. Alianza kuhesabu kimoyomoyo yote aliyowahi kuyasema kwenye kile kiti, na alipofika kwenye mambo ya mama mkwe akatamani mlango ufunguke ateremke. Akauliza habari za mabati. Mutuma akakubali. Akauliza viatu. Mutuma akasema alivipima kwa kijiti, yeye akiwa usingizini. Na mama yake je? Hapo mzee alikohoa, akasema kwamba kwa hilo hata yeye aliomba kidogo.

Cicily akacheka, hakutaka lakini akacheka, mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kitambaa cha kichwa. Kisha hasira zikamrudia. Kumbe miaka yote hiyo amemwacha asimame mbele ya mchungaji na watu wote kushuhudia mambo ya mabati! Mutuma akamwuliza kwa upole amekosea wapi. Cicily alisema tu kwamba Mungu ameugusa moyo wa mzee wake. Si uliguswa?

Cicily alimtazama mwanamume huyu wa "tutaona", na akampenda sana, jinsi ambavyo hakuwa amempenda kwa muda mrefu. Na ni katikati ya kupenda huko ndipo lile lingine lilipomjia, likamzima kicheko.

"Basi na ya Mwirigi uliyasikia."

Mutuma aliitikia kwa kichwa.

"Na ya mtoto? Jina lake?"

Akaitikia tena. Cicily akageukia dirisha. Hilo liliuma. Alikuwa amejifariji siku zote kwamba mume wake hajui, kwamba angejua angelegea. Kumbe alijua. Aliketi hapo, mikono kwenye usukani, akasikia mke wake akilia safari baada ya safari, akaendesha gari hadi nyumbani. Hawakusemezana tena mpaka Siakago, na pikapu ilikuwa na kimya cha kuwatosha wote wawili.

Kabichi ziliisha mapema. Cicily aliziuza bila kucheka na mtu, na wateja wake waliomzoea wakauliza kama ni mgonjwa. Aliporudi garini alimkuta Mutuma ameketi tu, kofia magotini, hajanunua hata ndengu za kurudi nazo.

"Mama Mwirigi," akasema.

Cicily alishtuka. Tangu ule ugomvi Mutuma alikuwa akimwita Mama Kinya, akimruka kijana kana kwamba hajazaliwa.

"Mabati yanauzwa dukani," Mutuma akaendelea. "Mtu anaingia, ananunua, anatoka. Hili sikujua nianzie wapi. Nilisema maneno mabaya sana kwa yule kijana. Ningesimama mbele yake niseme nini?"

Akaikunjakunja kofia magotini, mzee mzima. Cicily hakumhurumia upesi, alimwacha kwanza. Kisha akafunga mkanda wa kiti, akaweka mkoba miguuni.

"Wewe unaitaka hii pikapu," akasema. "Sawa. Mimi nitajuaje ni gari kama sijaiona ikifika Kiritiri? Ikifika, inunue, sitasema neno tena. Isipofika, turudi kwa lori letu, na humo pia sitasema neno tena."

Mutuma aliwasha gari, akainama akaangalia chaji iliyobaki. Alipiga hesabu zake akimumunya midomo. Akamwambia kufika watafika, ila kurudi Githongo siku hiyo haiwezekani. Itabidi ichomekwe huko huko mpaka kesho yake. Hakuna namna ya kupita tu na kusalimia.

"Basi endesha," Cicily akasema.

Kiritiri waliuliza watu wawili tu, maana fundi wa pikipiki hafichiki. Nyumba ilikuwa nyuma ya kibanda, na geti la mabati lilikuwa wazi. Mwirigi alitoka akipangusa mikono yenye grisi, amenenepa kidogo, amekuwa mtu mzima, na alipoona ni nani anashuka garini alisimama pale pale. Mutuma alikwenda nyuma ya kiti, akatoa waya ya kuchaji, akaja nayo mbele ya mwanawe ameikumbatia kifuani. Hotuba yoyote aliyokuwa ameipanga njiani ilipotea.

"Tumekuja kuomba stima," akasema.

Mwirigi aliitazama ile waya. Akamtazama baba yake, na mama yake aliyekuwa bado garini ameziba mdomo kwa kiganja.

"Kutoka hapo haitafika soketi," Mwirigi akasema mwishowe, na macho yalikuwa yamemjaa maji. "Ingiza gari ndani, baba."

Mutuma alirudi kwenye usukani akaingiza pikapu getini pole pole. Uani kulikuwa na mtoto mdogo amechutama, amewapa mgongo, anapanga vizibo vya chupa mchangani. Gari halikuwa na mlio wowote wa kumwonya. Karimi alichungulia kutoka jikoni, mwiko mkononi, akaona.

"Mutuma!" akaita. "Toka njiani!"

Mzee alikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Mtoto akageuka, akasimama na kizibo mkononi, akawatazama wageni.

"Nimesikia," mzee akasema, ingawa si yeye aliyekuwa ameitwa, akafungua mlango na kushuka.