Namba Isiyogawanyika

Walimu wenzake na marehemu walitaka namba yake ichongwe kwenye jiwe la kaburi: 7,409,182,635,417, na chini yake neno "Haigawanyiki". Eti heshima!

Mjane aliitazama akiwa kwa fundi wa mawe. Siku mumewe alipoivaa namba ile alikuwa chakari. Alijumlisha tarakimu zake harakaharaka, akapata hamsini na sita, akaapa kwamba tatu haiingii, akaanza kuhangaika na vigawanyo vikubwavikubwa hadi kufa kwake. Kesho yake mkewe alijumlisha huku akipiga pasi, akapata hamsini na saba. Jumla ikigawanyika kwa tatu, namba nzima inagawanyika. Hilo hata mtoto wa shule analijua.

Alifungua mdomo amwambie. Akauona mkono uliomng'oa jino juzi yake, sasa umeshika kalamu, umetulia tuli. Akaufyata ulimi. Tangu hapo mwalimu akitoka kazini alikwenda moja kwa moja mezani kwake, baa akaisahau, na nyumba ikapoa.

"Nichonge hivihivi, mama?" fundi aliuliza.

Ulimi wake ulipapasa pengo.

"Chonga, baba. Ningemsahihisha, jiwe hili ungekuwa umenichongea mimi zamani."