Mazuri ya Wiki

Harufu ya sambaza zinazokaangwa hunirudisha moja kwa moja katika nyumba yetu ya mtaa wa Nyalukemba, Jumapili baada ya misa, mlango wa nyuma ukiwa wazi na kipande cha ziwa kikionekana kati ya mapaa mawili ya mabati. Samaki hao wadogo wakiwa bado jikoni, mama aliifuta mikono kwenye kitenge chake, akachukua daftari lenye jalada la buluu. Alikuwa karani wa parokia, na wiki nzima aliandika ubatizo na mazishi ya watu wengine. Jumapili alitaka kuandika ya kwetu. Kila mmoja alipaswa kuleta zuri moja la wiki ile na kulisimulia mezani, naye aliliandika pamoja na jina la aliyelileta. Sharti lilikuwa uwe umeliona kwa macho yako, na lisiwe kitu cha kununuliwa. Chakula hakikupakuliwa mpaka daftari lifungwe, kwa hiyo hata baba, tuliyemwita papa, ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi, alikuja na lake. Tulisema kwa umri: papa, mama, mimi, halafu mdogo wangu Nsimire, aliyekuwa na miaka tisa na kuniita yaya, yaani mkubwa wake.

Mimi nilikuwa na kumi na miwili, wa kwanza darasani, lakini mazuri yangu yalikuwa ya kusikitisha. Nilileta machweo, maua ya mbele ya kanisa, kisha machweo tena. Nsimire alileta mbuzi kutoka Nyantende aliyegoma kutembea mpaka mwenye mbuzi alipomfungua kamba, halafu akamfuata kwa hiari yake hadi sokoni. Alileta mama muuza parachichi wa Mumosho aliyesinzia ameketi, na wateja wakirudisha parachichi taratibu wasimwamshe. Mama alicheka hadi akashindwa kuandika. Niseme ukweli, nilimwonea mdogo wangu wivu mbaya kabisa.

Jumamosi moja tukiosha vyombo, Nsimire alishindwa kujizuia, akaninong'oneza zuri lake la kesho yake. Alikuwa amemtazama mzee anayetengeneza miavuli chini ya mteremko wetu. Kila alipomaliza mmoja, aliufungua na kutembea nao hatua kumi hivi juani, shingo juu kama bwana harusi, kabla ya kumkabidhi mwenyewe. Nilicheka, nikaendelea kusuuza sahani. Jumapili zamu yangu ilipofika sikuwa na kitu, na nikausikia mdomo wangu ukimsimulia mzee wa miavuli, hatua kwa hatua. Kwetu mdogo hamkatizi mkubwa mezani, tena mbele ya papa, na hilo nililijua vizuri nilipoanza kusema. Mama aliandika, akakisoma alichoandika mara mbili kwa sauti, akanipigia makofi. Kisha akamgeukia Nsimire, uso bado una furaha. Nsimire alisema hana. Mama akafunga daftari. "Nsimire, umekuwa muvivu ya macho," alimwambia. "Angalia yaya yako." Mimi niliangalia sahani yangu, na nikala sambaza zangu zote.

Tangu siku hiyo Nsimire alileta machweo na maua kama mimi nilivyokuwa nikifanya. Mama aliyaandika bila kucheka. Kila Jumapili nilijiambia nitasema wiki ijayo, na wiki zikawa miaka, mama akazeeka, akaugua, tukamzika.

Daftari lilibaki kwangu. Nilijaribu kuirudisha desturi ile kwa wanangu, lakini wao hutuma picha kwenye kikundi cha familia kila mmoja akiwa chumbani kwake. Ni picha nzuri, siwezi kukataa. Ila hakuna anayemsubiri mwenzake amalize, wala anayejua nani amecheka. Nsimire, ambaye sasa ni muuguzi hapa hapa mjini, yumo katika kikundi hicho, na hajawahi kutuma kitu. Juzi alipokuja kunisalimu, nilimwekea daftari mbele yake, nikafungua ukurasa wa mzee wa miavuli, nikamwambia kuwa niliiba, na kwamba nimeona haya miaka yote hii. Alisoma mwandiko wa mama hadi mwisho wa ukurasa.

"Ile haikuniuma sana, yaya," alisema. "Yenye iliniuma ni vile mama alisema niko muvivu ya macho, na wewe ulinyamaza. Alikufa anajua niko vile."

Nikachukua kalamu, nikalikata jina langu, nikaandika lake juu yake. Herufi zilitoka mbaya. Aliniacha nimalize. Kisha akalisogeza daftari upande wangu wa meza na kuniuliza taratibu, bila hasira yoyote, "Sasa ni nani atamusomea mama?"