Nilivyomwokoa Fundi Aliyekwisha Okoka

Mwaka ule wa vita vya shifta nilikuwa nesi Garissa, binti wa Kitaita wa miaka ishirini na mbili, nimeokoka miezi mitatu tu na moto wangu ungeweza kuchemsha maharagwe. Kanisa letu lilikuwa stoo ya mabati nyuma ya ofisi ya wilaya. Tulikuwa watu kumi na wanane, wote wa kuja: polisi, makarani, walimu, manesi. Mkubwa mmoja wa ofisi alikuwa ametuazima ile stoo, lakini sasa mahindi ya msaada yalikuwa yanaletwa na msafara, naye alitaka pa kuyaweka. Akatuambia wazi kwamba Jumapili ya Pasaka angekuja kutuhesabu mwenyewe. Tukiwa chini ya ishirini, stoo inarudi kwa mahindi.

Mwinjilisti wetu akasema kila mmoja alete mtu mmoja. Jamani, tulitoka pale kama kuku waliofunguliwa. Shida ni kwamba wenyeji wote walikuwa Waislamu wenye dini yao imara, na watu wa bara waliobaki nje ya kanisa ungewahesabu kwa vidole. Karani mmoja mgeni aliposhuka kwenye lori la msafara, watu wanne walimvamia na habari njema kabla hajashusha godoro. Yule bwana alijifungia ndani, akawa hatoki Jumapili hata kuchota maji.

Mimi niliona niende kwa akili. Nikamchagua fundi cherehani, Mmeru mpole aliyekuwa akishona sare za askari kwenye baraza ya duka la Msomali mmoja. Kila siku saa ya chakula nilifumua pindo la gauni langu la kazi kwa mkasi wa hospitali, nikampelekea alishone. Akiwa anashona, mimi nahubiri. Ningekuwa namfukuza mwizi wa nguo nisingekuwa na haraka vile.

Na fundi alivyokuwa msikivu! Kila nililosema alikubali. Nikimwambia Bwana anamtafuta, anajibu, "Kweli dada, na wewe pia anakutafuta." Nikimwomba tusali, anafumba macho kabla yangu, halafu anasali mrefu kunishinda. Mwenye duka alituletea chai ya maziwa ya ngamia kila siku, vikombe viwili, akarudi kukaa kwenye magunia yake ya sukari. Nilimpokea kikombe bila kumtazama. Nilidhani ni fundi anayeagiza ile chai, nikaiweka kwenye hesabu ya dalili njema.

Kitu kimoja tu kilinikera. Kila nikimwalika stoo siku ya Jumapili, fundi anasema, "Njoo wewe kwetu kwanza." Nikaona ni ukaidi wa shetani wa mwisho mwisho. Nikafunga siku mbili kwa ajili yake, nikazimia wodini na beseni mkononi.

Wiki moja kabla ya Pasaka, mwenye duka akashindwa kuvumilia. Alikuja na chai yake, akalishika lile pindo, akaniuliza, "Abaayo, dada yangu, hii gauni yako iko na adui? Kila siku nachanika hapo hapo."

Nikaona aibu, nikalivuta pindo langu. Akatugeukia wote wawili.

"Wiki nane mimi nasikia nyinyi. Wewe nabeleka yeye kwa Yesu. Yeye nabeleka wewe kwa Yesu. Yesu ni moja ama ni mbili?"

Fundi akaacha kukanyaga cherehani. Ikabidi aseme. Kumbe alikuwa mzee wa kanisa tangu kwao Meru, na upande wa pili wa mji alikuwa akisali na askari jela wawili chumbani kwake. Alikuwa amewaambia kwamba kuna nesi mmoja anaelekea kuokoka, wamwombee. Nilikasirika dakika nzima, kisha tukacheka mpaka akajichoma sindano. Askari jela wake walikuwa wamehamishwa juzi yake, amebaki peke yake. Akakubali kuja kwetu.

Basi Pasaka ikafika na tulikuwa kumi na tisa. Yule karani tulimgongea mlango, akazima redio ili tudhani hayupo. Niliimba siku hiyo huku nikihesabu vichwa upya. Mkubwa wa ofisi akaja wimbo ukiendelea, akasimama mbele, akahesabu kwa kidole taratibu mpaka mlangoni.

"Ishirini," akasema.

Tukageuka sote. Mlangoni alikuwa amesimama mwenye duka, birika kubwa mkono huu, vikombe mkono ule.

"Mimi Muislamu, mkubwa," akasema. "Nimeleta chai tu, sikukuu yao."

"Nilisema nitahesabu watu," mkubwa akajibu. "Sikusema nitahesabu dini." Akavaa kofia, akaenda zake kutafuta pa kuweka mahindi.

Tulipiga vigelegele mpaka mabati yakatetemeka. Tukanywa chai, tukamshika mwenye duka mikono kwa zamu, naye anacheka tu. Ilipofika zamu yangu ndipo nikakumbuka. Wiki nane nimekaa barazani kwake, hata habari za nyumbani sikuwahi kumuuliza. Kwa haya tu nikamuuliza kama ana watoto.

"Wanne," akasema. "Wa tatu unajua. Yule ya dirishani."

Binti wa kitanda cha dirishani wodini kwetu, mguu umeungua, mama yake analala naye chini ya kitanda. Mimi ndiye niliyekuwa nikimbadilisha bandeji kila asubuhi, haraka haraka, niwahi kwenda kumwokoa fundi.

"Ndio maana mimi naleta chai kila siku," akasema.