Moyo Ulioanza Kupiga

Nikibandua plastiki kwenye kompyuta mpya, harufu yake hunirudisha shuleni kwetu Waithaka.

Chumba cha kompyuta tulikiingia kwa soksi, viatu vikibaki mlangoni. Kompyuta zilifunikwa vitambaa vya kufuma, kama makochi ya nyumbani. Mwalimu mkuu alituambia ni zetu, na kwamba ndani yake mna maktaba nzima ya sayansi, yenye picha zinazotembea na sauti. Lakini aliziwasha wageni wakija tu. Siku nyingine zote tulichorewa moyo ubaoni kwa chaki nyekundu.

Wageni walipokuja, tuliketishwa mbele ya kompyuta, mikono magotini. Kwenye kila kioo palikuwa na moyo, umetulia tuli, na chini yake kitufe cha kuuwasha. Tulikuwa tumeonywa tusiguse. Nilitazama kile kitufe hadi uvumilivu ukaniisha. Nikashika mausi, nikabonyeza.

Du-dum. Du-dum. Damu ikaanza kukimbia, huku nyekundu, huku bluu. Ubao haukuwahi kunionyesha hivyo.

“Wewe! Nani amekwambia uguse?” mwalimu mkuu akafoka.

“Hakuna mtu, mwalimu. Na si ulisema ni zetu?”

Alinishika sikio, akanitoa nje na kunipigisha magoti kwenye kokoto, mbele ya viatu vyetu. “Omba msamaha!”

Kabla hajarudia, tukasikia ndani moyo wa pili ukianza kupiga. Kisha wa tatu. Kisha chumba kizima.