Mswidi Mwenye Sauti ya Baba Mkwe

Chekeni tu, jamani, mie nimeshazoea, maana aibu niliyoipata ukweni kule Kawe haina pa kufichwa, na mkiniona kwenye shughuli za watu nimekaa kimya kama nimemeza funguo, jueni ndiyo naikumbuka.

Kazi yangu mnaijua, natafsiri muvi kwa Kiswahili zioneshwe kwenye vibanda umiza vya Temeke (msidhani najua lugha, naangalia midomo inavyocheza, naweka maneno yangu). Sasa kuna braza mmoja wa Kigamboni alifanyaga kazi kwa Waswidi, walipohama wakamwachia sanduku la vichekesho vya kwao vya zamani, vile vyeusi na vyeupe, akanipa. Nilivipenda kufa! Hamna bunduki wala matusi, ni mibaba mizima na makoti yao wanabeba ngazi, wanagongana, wanatumbukia kwenye pipa la chokaa, na mtu akiibuka anatafuta kofia yake kwanza, anaivaa, anamsalimia aliyemwangusha, ndipo anakumbuka kushika kiuno.

Humo kuna mnene mmoja anayejifanya mkubwa wa wote, nilikosa sauti ya kumfaa, nikampa ya baba yake Neema, mchumba wangu. Mzee ni mwalimu mstaafu, mtu wa bara, anakohoa mara mbili kabla ya kusema, halafu anakutolea macho: "Nyumba hii ina utaratibu!" Niliiweka yote, kikohozi na lafudhi, watu Temeke wakavunjika mbavu. Neema hakujua.

Siku ya kusikia jibu la posa, baba mdogo, ndiye mshenga wetu, akanionya njiani: "Wewe kazi yako kukaa na kuitikia. Kiherehere kiache nyumbani."

Nikaitika, nikakaa. Chakula kikachelewa, na kaka yake Neema akaniuliza, "Shemeji, huna kitu tuangalie?" Nami, kwa kutaka kupendwa, nikatoa flashi, nikijua humo nina ile ya Kiswidi chenyewe, haina sauti yangu. Ikawaka: "Karibuni sana, wapenzi watazamaji!" Sauti yangu, kumbe nimebeba flashi ya Temeke.

Nikasema, "Baba, si tuzime tu, mama ndiyo anatenga chakula."

"Tulia, kijana," mzee akasema, anacheka kabisa. "Wazungu hawa wana adabu. Ona, kaanguka na bado anasalimia!"

Neema ananiangalia kwa fahari, mie jasho linanitiririka mgongoni, maana najua ngazi ikishapita mlangoni tu, mnene anaingia. Ngazi ikatokea. Ikakwama mlangoni, wote wakaangua kicheko, nami nikaruka kwenda kuchomoa flashi, mguu ukanasa kwenye stuli, nikashika kitambaa cha meza, nikashuka nacho chini pamoja na bakuli la kachumbari, na nikiwa pale chini na vitunguu kichwani, ndipo runinga ikakohoa mara mbili. "Nyumba hii ina utaratibu!"

Mama mkwe alijiziba mdomo na khanga, mabega yanatikisika. Mzee akaiangalia runinga, akaniangalia mie.

"Huyo ni mimi?"

"Ndiyo, baba. Nisamehe."

Akamwita baba mdogo nje. Wakakaa huko, na Neema hakunitazama hata mara moja, akawa anaokota nyanya moja moja sakafuni, na mie naapa sijawahi kuogopa vile, nilishamuona ameolewa na mwingine mwenye heshima zake.

Waliporudi mzee hakuketi. "Posa tumeipokea," akasema. "Ila kuna faini."

"Hata mbuzi wawili, baba!" (Baba mdogo akanifinya.)

"Mbuzi tunao. Picha hiyo utairudia. Huyo mnene aongee kwa sauti yako wewe, na iwekwe siku ya kumuaga Neema, ukoo wote uone."

Ikawekwa. Wajomba, mashangazi, kwaya ya kanisani, wote waliniona nikitumbukia kwenye chokaa, na aliyecheka mpaka kuangusha miwani ni mzee. Tangu hapo kila mjinga kwenye muvi zangu anaongea kwa sauti yangu mwenyewe, maana hiyo hata nikiitukana haina binti wa kuninyima.