Dunstan na Merikebu Iliyonadiwa

Kanisa la mbao la Wheaton, mji wa Maryland ulio jirani na Washington, limefungwa minyororo pembe zake zote nne. Si utani. Kila pembe ina mnyororo wa chuma unaoshuka kutoka chini ya paa mpaka kwenye jiwe lililozikwa ardhini. Respicius, dereva wa teksi kutoka Bukoba, alipoliona mara ya kwanza alishika kiuno.

"Jamani, wamelifunga kama mbuzi! Kwani lilishawahi kutoroka?"

Mwenye jibu alikuwa mtu mmoja tu, Mzee Dunstan, mshika ufunguo.

Dunstan alikuwa mtu wa Machame, mfupi, mwenye mikono mikubwa kuliko mwili wake. Alifika Amerika mwaka themanini na sita akiwa mpishi wa ofisa mmoja wa ubalozi. Ofisa akarudi nyumbani, Dunstan akabaki. Siku za kazi alipiga deki kwenye jengo moja kubwa la maduka, lakini damu yake ilikuwa ya useremala, kama baba yake. Akiingia nyumba ya mtu, kabla salamu hazijaisha alishagonga mlango kwa kidole kujua ni mti gani. Mkewe Vumilia alikuwa akisema, "Huyu siku ya kunichumbia alipapasa kabati la mama kuliko alivyonitazama mimi."

Ndiyo maana kanisa lile lilimteka. Aliyemkabidhi ufunguo alikuwa Bi Solveig, ajuza wa miaka themanini na tatu, macho yake yameingia ukungu lakini ulimi wake haujaingia kitu. Pamoja na ufunguo alimkabidhi historia, na Dunstan aliishika yote kichwani.

Ilikuwa hivi. Zamani wanaume wa kisiwa cha Teista, huko Norwei, walikuja Washington kuunda mashua. Mwaka elfu moja mia tisa na tisa wakajenga kanisa kwa kulikumbuka lile la kwao, ubao kwa ubao. Sasa hilo la kwao lina mkasa. La kwanza lilinyanyuliwa na upepo likatupwa baharini pamoja na mimbari. Walipojenga la pili, wakalifunga minyororo kwenye mwamba. Basi na huku Maryland, ambako upepo ukikasirika sana unaangusha pipa la taka, wakafunga minyororo vilevile. Kwao kanisa lisilo na minyororo lilikuwa kama mtu aliyesahau kuvaa suruali.

"Na mimbari je?" watoto waliuliza.

"Iliokotwa baada ya miaka miwili. Ndani yake kuna samaki watatu."

"No way, Anko!"

Hapo kwenye samaki Dunstan aliongeza mwenyewe.

Katikati ya kanisa, juu ya vichwa vya watu, kwenye giza la paa ambako wachache walinyanyua macho, ilining'inia merikebu ya mbao yenye milingoti mitatu, urefu wake kama mkono wa mtu mzima. Ndiyo desturi ya watu wa bahari wa kule, kumtundikia Mungu chombo kanisani wakishukuru kwamba hawakuzama. Bi Solveig alimwambia Dunstan, "Fagia, futa, piga rangi, fanya upendavyo. Ila merikebu usiiguse. Anaigusa mtu wa kisiwa peke yake."

Watu wa kisiwa wenyewe walikuwa wamebaki tisa. Walisali asubuhi, wakanywa kahawa, wakaondoka. Saa nane mchana kanisa lilikuwa la Waswahili, Walutheri wa Afrika Mashariki. Kabla ya hapo walikuwa wakisali kwenye ukumbi wa mazoezi wa shule fulani, unaonuka soksi, na hakuna aliyetaka kurudi huko. Lakini mwaka ule wa tisini na saba palikuwa na maneno. Wale tisa walizeeka, na kuna tajiri aliyetaka kulinunua kanisa aweke duka la mazulia. Mchungaji kutoka Teista alikuwa anakuja mwezi wa kumi kulitazama, na baada ya ziara yake wale tisa wangekaa kuamua kama Waswahili waendelee au waondoke.

Dunstan akaamua mgeni asikute hata utando wa buibui. Alisugua madirisha, akapaka mafuta viti. Akanyanyua macho, akaiona merikebu. Imejaa vumbi, mlingoti wa mbele umelala upande kama mlevi.

Alijizuia siku nne. Siku ya tano, Jumamosi, akapanda ngazi.

Aliifuta, akaupaka mlingoti gundi, akatafuta mahali pa kuiweka ikauke. Meza iliyokuwa wazi ni moja tu, ile ya nyuma karibu na mlango. Akaiweka hapo, akaenda zake, akijiambia ataipandisha kesho mapema.

Kesho yake ilikuwa Sikukuu ya Mavuno, na meza ile ndiyo meza ya mavuno.

Nyumbani kila mtu anajua. Siku ya mavuno unaleta ulichojaliwa, ndizi, mayai, kuku, na baada ya ibada kinanadiwa. Kitu kikishawekwa juu ya meza ile ni cha Mungu, hakiondolewi, hata kama umekiweka kwa bahati mbaya. Wazee wanasimulia habari za bwana mmoja aliyeweka kofia yake pale kidogo tu afunge kamba za viatu, akarudi nyumbani kichwa wazi.

Dunstan alichelewa kwa sababu ya foleni barabarani. Alipofika merikebu ilikuwa imezungukwa na maboga, trei za mayai na kuku wa kutoka dukani ambao bado wana barafu. Watu wameshaketi. Bi Solveig naye, aliyealikwa kama mwenyeji, yuko kiti cha mbele. Dunstan akateremka chumba cha chini kusimamia chai, akimwomba Mungu Respicius asiione.

Respicius alikuwa Mkatoliki. Misa yake aliimaliza asubuhi, lakini siku ya mnada hakukosa kwa Walutheri hata mara moja, na wao hawakuwa na dalali mwingine wa kumfikia.

"Haya, haya!" sauti yake ilishuka mpaka chini. "Sasa tunaingia kwenye vitu vizito! Merikebu! Nuhu mwenyewe angeiona angeomba lifti! Nani anaanza?"

Dunstan alipanda ngazi mbili mbili, birika mkononi.

Alitaka kupiga kelele kwamba si sadaka ile. Lakini Bi Solveig alikuwa hatua tatu kutoka pale, anatabasamu, anapiga makofi. Kusema ni kukiri kwamba aliigusa. Akafanya lile pekee lililomjia.

"Dola kumi!"

"Mzee Dunstan kumi! Mnamwona? Birika mkononi, imani moyoni!"

"Kumi na tano," akasema Malkia kwa upole. Malkia alikuwa Mmarekani mweusi, karani kutoka mji wa Upper Marlboro, aliyejifunza Kiswahili chuoni mpaka akawashinda wenyewe kwa adabu. "Ndugu mnadi, naomba kuuliza. Je, chombo hiki kimechongwa kwa mti gani?"

"Mti wa baraka, dada!"

"Ishirini!" akasema Dunstan.

"Ishirini na tano, tafadhali."

"Thelathini!"

Vumilia, aliyekuwa kwenye kwaya, akamkata jicho. "Baba Tobias, umeingiwa na nini? Tuna meza haina mguu mmoja, wewe unanunua meli?"

"Hamsini," akasema Malkia.

Dunstan alikuwa na thelathini na mbili mfukoni. Akamtazama Respicius, akamkonyeza, akatikisa kichwa, akafanya kila alichoweza kwa uso. Respicius akaelewa kwamba mzee anataka mbwembwe zaidi.

"Hamsini mara ya kwanza! Ya pili! Imekwenda!"

Malkia akaibeba kwa mikono miwili. Darasani alifundishwa pia kwamba mtu akinunua mnadani anaweza kumzawadia mwingine. "Ninamzawadia bibi mwenyeji wetu," akasema, akaiweka kwenye mapaja ya Bi Solveig.

Watu wakapiga vigelegele. Ajuza akaipapasa polepole, matanga, milingoti, ubavu. Akapelekwa nyumbani akiwa ameipakata kama mtoto.

Jumatano Dunstan alikwenda kumkusanyia majani uani, kama kawaida yake. Merikebu ilikuwa juu ya meza ya jikoni, kando ya mkate.

"Ona zawadi yangu," alisema Bi Solveig. "Watu wako wana moyo. Inafanana kabisa na ile ya kanisani, sivyo?"

"Zinafanana, bibi."

"Ile yetu haijambo?"

"Haijambo. Ipo."

"Vizuri. Jumapili mgeni ataziweka pamoja, azilinganishe."

Dunstan alikusanya majani ya uani kwa ajuza, ya jirani, na ya jirani wa jirani. Usiku hakulala. Alhamisi alinunua mbao akajaribu kuchonga merikebu ya pili. Vumilia akaichungulia.

"Kiatu kizuri hicho."

Ijumaa jioni akamweleza mkewe yote. Vumilia alicheka mpaka akakaa sakafuni, halafu akaacha ghafla. "Kamwambie. Wakitufukuza, tufukuzwe kwa kweli. Zile soksi nitazizoea tena."

Jumamosi asubuhi Dunstan alisimama jikoni kwa ajuza, akauweka ufunguo juu ya meza.

"Bibi, hakuna merikebu mbili."

"Najua."

"Unajua?"

"Baba yangu ndiye aliyeichonga. Mlingoti huu wa mbele niliuvunja mimi nikiwa na miaka saba, nikachapwa. Nilipoushika tu Jumapili nikajua. Nilikuwa nasubiri nione utafika lini. Umechelewa, nilikutegemea Alhamisi."

Dunstan akakosa pa kuweka mikono.

"Keti. Kuna kipande cha historia sikukupa, maana kinatuaibisha. Kanisa letu la kisiwani liliwahi kunadiwa. Lote. Miaka zaidi ya mia mbili na hamsini iliyopita mfalme aliishiwa fedha za vita, akayauza makanisa ya nchi nzima mnadani. Letu lilinunuliwa na mfanyabiashara wa samaki, na kengele yake. Watu wa Teista walisali miaka kumi na tisa kanisani kwa mtu, wakikusanya kidogo kidogo mpaka wakalinunua tena." Akasogeza mkate. "Kwa hiyo mnada naujua. Sasa niambie, mtu wenu akizawadiwa kitu naye anataka kumpa Mungu, anafanyaje?"

"Anakirudisha mezani. Kinanadiwa upya."

"Basi nitakirudisha. Wewe ununue. Kwa bei ya kuumia kidogo."

Jumapili kanisa lilijaa. Vumilia alikuwa amepita kila kiti akinong'ona, "Asinyooshe mtu mkono ila Baba Tobias." Mgeni wa Teista, mchungaji mrefu mwenye masikio mekundu, aliketi mbele, na hakuna aliyekumbuka kumnong'oneza yeye.

"Merikebu imerudi!" akaita Respicius. "Nani anaanza?"

"Thelathini na mbili," akasema Dunstan.

Malkia amekalia mikono yake.

"Thelathini na mbili mara ya kwanza! Mara ya pili!"

Mkono mrefu ukanyanyuka mbele. "Arobaini," akasema mgeni, amefurahi kuelewa mchezo.

Bi Solveig, macho yake na ukungu wake, akaudaka mkono ule hewani, akaushusha, akamsemesha mgeni kwa lugha ya kisiwani maneno matatu. Masikio ya mgeni yakazidi wekundu.

"Imekwenda!" akapiga kelele Respicius, kabla haijatokea bei nyingine.

Ajuza akauchukua ufunguo kwenye mkoba wake, akamwekea Dunstan kiganjani. "Wale wanane wengine nimeongea nao asubuhi, kwenye kahawa. Mazulia yatauzwa kwingine. Panda ngazi, mlingoti bado umeinama."

"Sikuruhusiwa kuigusa, bibi."

"Umeinunua. Ukitaka, itupe mtoni."

Dunstan akapanda na merikebu, waya mdomoni. Akaunyoosha mlingoti, akaifunga merikebu kwa waya mara mbili, akaongeza ya tatu. Chini yake Respicius alikuwa ameegemea ngazi, anatazama juu kwa jicho la biashara.

"Mzee Dunstan, na hii ngazi je? Naona imesimama karibu sana na meza."

"Respi," akasema Dunstan kupitia waya, "ngoja nishuke."