Mwatum na Maneno Yake ya Semina

Sikutaka kuandika haya. Nimeombwa mara tatu, na mara ya tatu mwombaji kaja na kilo mbili za sukari, kana kwamba mie ni wa kununuliwa kwa sukari. Mwombaji ni Mwalimu Samiha, anayesomesha hapa kwetu Micheweni. Anakusanya kijitabu cha maisha ya wanawake wa pwani, na kila mmoja aandikwe na mtu anayemjua. Mwatum alipoulizwa ni nani anayemjua, katoa jina langu. Kalitoa kwa uso gani, sijui. Mie ndiye Mize, ambaye hajasema naye tangu Shaaban.

Samiha kaniletea na karatasi ya maneno ya kunisaidia: safari ya mafanikio, mwanamke jasiri, changamoto na fursa. Karatasi nimemrudishia. Sukari imebaki. Chuoni nilisoma Kurani, na herufi za skuli nilifunzwa ukubwani. Mkono wangu mzito lakini ni wangu. Atakayenirekebishia neno hata moja, basi asilichape jina langu.

Mwatum kazaliwa nyumba ya tatu kutoka kwetu, mwaka mmoja nyuma yangu. Baba yake akichoma chokaa, na sisi watoto tukibeba mawe ya tanuri vichwani. Ardhi yetu ni mawe. Ukitaka kupanda muhogo unatafuta tundu baina ya jiwe na jiwe. Ulimi wa Mwatum nao ulikuwa hivyo hivyo, haupindiki. Harusi moja wali uliungua, wageni wakala kimya kwa adabu. Mwatum, msichana wa miaka kumi na tano, kasema, "Wali umeungua, na mpishi alikuwa akisengenya, nimemuona." Kapigwa na mama yake. Kesho yake karudia.

Mumewe wa kwanza alipomuacha, wanawake waliona haya kuuliza. Yeye kasimama kisimani, kasema, "Kaniacha. Na kitanda kachukua." Tukacheka mpaka ndoo ya mtu ikaponyoka. Mtoto wake wa pili alipofariki, watu wakamjia na maneno ya kufunika: kapumzika, katangulia, kaitwa. Kawaambia, "Kafa. Mwanangu kafa. Niacheni niseme." Kisha kalia, nami nikamshika mpaka kilio kikaisha. Kwa neno lile nilimpenda kuliko ndugu zangu wa tumbo moja, na wao wanajua.

Kilimo cha mwani kilipofika huku, mie ndiye niliyepaona mahali. Si kila pahala pwani panafaa. Kwengine maji yakitoka mwani unabaki juani, unaungua. Kwengine chini ni mawe na miba ya kutoboa nyayo. Pale pangu palikuwa na mchanga, na hata siku za bamvua, maji yakienda mbali kabisa, palibaki maji ya magotini. Nikapigilia vigingi, nikafunga kamba. Kisha nikenda kumwita Mwatum, nikampa safu ya jirani, nikamfunza kufunga mbegu mkono juu ya mkono, maana mafundo yake yalikuwa yakifunguka kabla hajageuka.

Sheria ya pwani yetu haijaandikwa. Vigingi vyako vikisimama, mahali ni pako. Ukiumwa, ukijifungua, ukikaa eda, shoga yako anakushikia: anabadilisha vigingi vilivyooza, anafunga, anavuna, anakuanikia. Mwatum alipofiwa na mumewe wa pili, Matano, kakaa eda miezi minne na siku kumi, na mie nikashika mahali pake na pangu. Mgongo huu umepinda mwaka ule. Alipotoka hakunipa shukrani. Kaniangalia tu, kasema, "Umekonda, unatisha." Ndivyo tulivyokuwa.

Kisha wakaja watu wa miradi. Kikundi chetu tulikiita Tulizana, nacho kikatakiwa kitoe mtu wa kwenda semina. Sote tukamtaja Mwatum, kwa kuwa ana mdomo. Kaenda Gombani siku tatu, karudi na mkoba, kofia na neno moja: fursa. Mwezi ule kila kitu kilikuwa fursa. Kisima fursa, mvua fursa, ndevu za sheha fursa. Semina ya pili karudi na changamoto. Mbuzi wake alikula kanga yangu uani, nikenda kumlalamikia.

"Hiyo ni changamoto," kaniambia.

"Hiyo ni kanga."

"Tuigeuze changamoto kuwa fursa, shoga."

"Igeuze kuwa kanga mpya."

Kacheka, nami nikacheka. Wakati ule alikuwa bado anajicheka mwenyewe, na mie nikimwita mdau. Mdau, nipitishie chumvi. Mdau, kichwa cha samaki hicho chako. Lakini semina hazikwisha, na kila akirudi, neno moja la zamani limetoka na jipya limeingia. Haumwi tena, anapitia. Sijui hasemi tena, anasema suala liko kwenye mchakato. Maneno yake yote yakawa yanaanza na kimsingi na kumalizikia mwisho wa siku, hata akisema saa moja ya asubuhi. Na wengine wakamuiga. Nimemsikia kwa masikio yangu mke wa jirani akimbembeleza mwanawe ale uji kwa mustakabali wake. Mtoto wa miaka miwili. Kautema.

Nilidhani ni upele, utapita.

Mwaka jana, mwezi wa Maulidi, mume wangu Pandu kafa. Kaumwa siku nne tu. Nyumba ikajaa wanawake, na mie nikimngojea Mwatum peke yake, maana nilijua ataingia atasema neno moja lenye uzito wake, na hapo nitaweza kulia. Kaingia, kakaa mkekani, kanishika mkono.

"Pole sana, Mize. Kimsingi ni changamoto kubwa unayoipitia."

Machozi yakarudi yalikotoka. Nikajiambia ni mazoea tu, moyo wake ule ule. Kaniahidi atanishikia vigingi vyangu, na sikumuuliza mara mbili. Nani anamuuliza shoga yake mara mbili?

Mwezi wa tatu wa eda kaja mchana, nimekaa na mabinti wa ndugu zangu tunachambua mchele. Hakukaa. Kasimama mlangoni na mkoba wake.

"Kuna mchakato, Mize," kasema. "Wadau wanaainisha maeneo ya kimkakati kwa ajili ya shamba darasa shirikishi. Eneo lako limo kwenye wigo. Wewe kama mkulima wa awali utaguswa, lakini mwisho wa siku ni kwa manufaa mapana. Unaridhia?"

Nimeandika kama alivyosema. Nayajua kwa moyo, maana nimeyarudia kichwani zaidi ya uradi wangu. Siku ile sikufahamu hata robo. Nilitakiwa niseme, yakhe, sema Kiswahili. Sikusema. Mie niliyemfunza fundo, nimuulize yeye maana ya neno, na mabinti wale wanasikia? Nikainua kidevu.

"Neno lako ni langu," nikamwambia.

"Basi niseme umeridhia?"

"Sema."

Hilo ni kosa langu. Naliandika mwenyewe, asije mtu akadhani kalifichua.

Nikatoka eda mwezi wa Rajab. Nikaoga, tukasoma dua, na bamvua ya kwanza nikajifunga kanga kiunoni, nikateremka pwani kabla ya wote. Vigingi vyangu vilikuwa juu ya mchanga, vimerundikwa kama kuni. Mahali pangu pana vigingi vipya vya kupakwa rangi, na kamba za buluu, na ubao. Nikausoma herufi kwa herufi, nikiwa na maji magotini. Shamba Darasa. Mkulima Kinara: Bi Mwatum.

Wanawake wakawa wanateremka mmoja mmoja. Waliponiona wakaanza kushughulika na kamba zao. Kisha Mwatum akaja, na kofia yake, yuko na mwanamke wa mradi kutoka mjini, jina lake Khairat.

"Nani kang'oa vigingi vyangu?" nikamuuliza.

"Bi Mize," kasema. Bi Mize. Miaka yote nilikuwa Mize na shoga, leo nimekuwa Bi Mize. "Kimsingi eneo lilipangwa upya."

"Nimekuuliza nani."

"Mchakato ulikuwa shirikishi."

"Huo mchakato una mikono?"

Mtu mmoja nyuma kacheka, akajikohoza. Mwatum hakucheka. Kaangalia maji, kasema kwa sauti ndogo, "Uliridhia mwenyewe."

Hapo ndipo nilipojua. Mpaka dakika ile nilikuwa nikidhani maneno yamemponza, kayabeba kama kasuku asijue yamebeba nini. Lakini mtu asiyejua alichofanya hana haja ya kusema uliridhia. Alijua. Alikuja mlangoni kwangu na lile furushi la maneno makusudi, kwa kuwa alinijua kuliko mtu yeyote duniani, na alijua sitauliza.

Nikamgeukia Khairat. "Mwanangu, mie ni mtu mzima, sina semina. Niambie kama unamwambia bibi yako. Imekuwaje?"

Msichana wa watu kaniamkia kwanza, kisha kasema vizuri kabisa, maneno yote ya nyumbani. "Bibi, sisi tulisema tunataka mahali penye maji hata bamvua. Bi Mwatum ndiye aliyetuonesha hapa. Alituambia mwenye mahali ameacha kazi ya mwani, yuko eda, hatarudi tena baharini."

"Na safu ile ya jirani haina maji?"

"Inayo. Alisema ile ni yake, anaitumia."

Wanawake wote wamesikia. Khairat naye ndipo alipofahamu, maana kamwangalia Mwatum, kisha kaangalia ule ubao, na uso wake ukabadilika. Kaniambia atalipeleka jambo hili kwa wakubwa wake. Nadhani kalipeleka. Nadhani huko nako liko kwenye mchakato.

Nikabeba vigingi vyangu, safari nne. Hakuna aliyenisaidia, na angejaribu ningemfukuza. Nimevipiga upya kwenye mawe, mahali tulipokuwa tukipaita kwa wavivu, kwa kuwa hata pweza hapataki. Nusu ya mwani wangu umeungua. Sisemi haya nionewe huruma. Nasema kwa kuwa Samiha anataka maisha ya Mwatum, na haya ni maisha ya Mwatum.

Kaja kwangu mara moja tu, Shaaban hiyo. Kaleta sabuni ya mwani, imefungwa vizuri, na jina la kikundi juu. Nikamkaribisha, maana mlango wangu haujafunzwa adabu mbaya. Kakaa. Kasema tuangalie mbele. Kasema tusonge pamoja. Nikamwacha amalize yote.

"Mwatum," nikamwambia, "mie sitaki mahali. Mahali mtu hufa akapaacha. Nataka useme kama ulivyokuwa ukisema. Sema: Mize, nilipatamani mahali pako, nikapachukua, ulipokuwa umekaa kwa msiba. Basi. Mie nitakutukana mpaka majirani waje, kisha nitakutilia chai."

Midomo yake ikacheza. Wallahi nililiona lile neno linakuja, nilimuona mtoto yule wa harusini. Kaiangalia sabuni, kaangalia mlango.

"Mwisho wa siku," kasema, "sisi sote ni familia moja."

Nikainuka, nikamfungulia mlango. Sabuni nikamtilia mkobani mwenyewe. Tangu siku ile tukipishana njiani anasalimu, na salamu naiitikia kwa kuwa ni faradhi, zaidi ya hapo hapana.

Watu huniambia, Bi Mize, ni maneno tu, vijana wa leo ndivyo wanavyosema. Mwatum si kijana, ana miaka sitini na sita. Na si maneno tu. Mtu akikuibia kwa Kiswahili chako, unaweza kumpigia ukelele wa mwizi. Akikuibia kwa maneno yale, unabaki umesimama ndani ya maji unatafuta mwizi yuko wapi, na yeye yuko mbele yako kavaa kofia. Pandu kanifia, na kufa kwake kuna jina, nimeshazoea. Hili la Mwatum halina jina mpaka yeye mwenyewe alitaje, na yeye hataki.

Sasa weye uliyesoma mpaka hapa, usije kwangu na pole, na neno changamoto lisivuke kizingiti changu. Shika njia ya pwani bamvua ijayo. Mwatum humkosi, jina lake limeandikwa kwenye ubao. Msalimie vizuri, muulize swali moja: nani kang'oa vigingi vya Mize? Akikuambia mchakato, muulize tena. Akikuambia wadau, muulize tena. Usiondoke mpaka akupe jina la mtu mwenye mikono miwili, kisha uje unihadithie alivyolitamka.